Kura Zikilingana, Mkubwa Ashinde

Sijamsamehe, na sina mpango wa kumsamehe. Nasema mapema ili msomaji asikae akingojea mwisho wa watu kukumbatiana na kulia. Hakuna aliyekumbatiwa.

Alininyang'anya meza yangu ya soko nikiwa kwenye kilio cha mume wangu. Meza ile ilikuwa ya kwanza kabisa katika safu ya samaki wakavu pale Naviundu, chini ya bati, mahali malori ya kutoka Kasenga yanaposhushia magunia. Anayekaa pale anamwona mteja kabla ya wenzake, na gunia likifunguliwa yeye ndiye wa kwanza kuchagua. Mume wangu aliipigilia misumari kwa mikono yake mwaka tuliohamia mjini. Nilipomaliza kumzika nikarudi sokoni, nikakuta kitambaa cha mtu mwingine juu ya meza na samaki wa mtu mwingine wamepangwa vizuri.

Mwenye samaki hao alikuwa présidente wetu, yaani mwenyekiti wa wauza samaki. Kazi yake mojawapo ilikuwa kugawa nafasi. Hakusimama hata kunisalimia.

"Yaya, pole sana," alisema. "Mais place ya soko haingojeaka muntu. Nilikuwekea ingine, kule mwisho."

Kule mwisho ni kando ya mfereji. Mvua ikinyesha, maji yanapanda mpaka chini ya meza, na samaki mkavu akishalowa hana tena jina zuri. Msimu ule wote nilikuwa mtu wa kuinua magunia juu ya matofali, kuyaanika jua likitoka, kuyaficha wingu likija. Wateja walipita wameziba pua. Mwaka ule binti yangu alikosa karo ya shule, akawa ananisaidia mezani kufukuza nzi, na kila nilipomwangalia akipunga kipande cha kartoni damu ilinichemka. Nikala kiapo kwamba meza ile nitairudia, na yule mwanamke ataonja mfereji.

Sasa hilo neno yaya. Kwetu ni dada au kaka mkubwa. Yaya anapewa kiti, anasalimiwa kwanza, na lori likifika mdogo wake ndiye anayembebea beseni. Ni heshima, na watu wanaichukulia kwa uzito. Shida ni kwamba mimi si yaya wake. Yeye ndiye yaya wangu.

Sote wawili ni wa Kasomeno. Nyua za mama zetu zilitenganishwa na mstari wa mihogo tu, na mama zetu waliuza pamoja kando ya barabara. Yule alikuwa msichana mkubwa mwenye mabega mapana, na mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa. Alinibeba mgongoni. Hili sikuambiwa, nalikumbuka mwenyewe: siku za matope alinivusha barabara hadi shuleni, mimi wa darasa la kwanza, yeye wa madarasa ya juu, na nikimvuta nywele alinifinya paja. Nilimpenda sana wakati ule. Nalisema kwa sababu ni kweli, halipunguzi kitu.

Alitangulia kuja mjini. Ndoa ya kwanza ikavunjika, akaolewa tena na mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini mwenye malori, mwanamume mpole wa kwenda kanisani, ambaye kwa hesabu yangu ni mdogo kwake. Hapo ndipo miaka yake ilipoanza kupungua. Mimi nilipofika Naviundu, hakukuwa na mtu mwingine wa Kasomeno katika safu nzima. Aliniona kutoka mbali, akajua mara moja kwamba mdomo wangu ni hatari, akawahi. Alinirukia shingoni mbele ya watu wote akilia, "Yaya yangu! Yaya yangu mwenye alinilea!"

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa watu walioachana siku nyingi. Nilipogundua kwamba si utani, safu nzima ilikuwa inaniita yaya, mpaka wanawake walio wakubwa kwangu. Nikaacha. Nilikuwa na mume, nilikuwa na meza nzuri, na kuitwa mkubwa hakumuumizi mtu. Lakini baada ya meza kuchukuliwa, kila aliponiita yaya nilisikia ananitemea mate. "Yaya, utapita na kule nyuma, hapa tunafagia." "Yaya amezeeka, mumuachilie asikie baridi."

Mtu ataniuliza kwa nini sikuisema kweli. Ningemwambia nani? Yeye ana mafuta ya ngozi ya kila aina, wigi mpya kila Pasaka, meno yote. Mimi nilikuwa nimetoka kilioni, nimenyolewa kichwa, jua limenikausha pamoja na samaki wangu. Ukituweka pamoja, hata mimi ningesema mimi ndiye mkubwa. Kwa hiyo nikaitunza ile kweli kama mtu anavyotunza nguo ya sikukuu chini ya sanduku, nikingoja siku yake.

Siku ikaletwa na mzee mmoja mwenye asili ya Kasai, mkurugenzi wa shule aliyestaafu, anayeuza chumvi na madaftari nyuma ya safu yetu. Tunamwita Papa Directeur. Alikuwa amechoka kusikia malalamiko yetu kupitia ukuta wa bati, na alitwambia hajawahi kuona chama ambacho kiongozi wake anachaguliwa kwa makofi mwaka hadi mwaka. Ni kweli, tulikuwa tunapiga makofi tu, na nani atanyamazisha mikono yake wakati mwenye kugawa meza anamtazama? Papa Directeur akasema safari hii itakuwa kura ya siri, karatasi, ndoo iliyofunikwa, na yeye mwenyewe atasimamia. Présidente akakubali bila kusita. Kichwa kilishamvimba, hakuona nani wa kumshinda.

Nikasimama mimi.

Kura sikuwa mgeni nazo. Kwenye uchaguzi wa nchi niliwahi kuwa témoin, shahidi wa mgombea mmoja, ndani ya darasa la shule. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Nikaona wanavyoonyesha sanduku tupu asubuhi, wanavyolifunga, wanavyohesabu karatasi zote kabla ya kufungua hata moja, ili zisizidi wala kupungua kwa waliopiga. Halafu kila karatasi inafunguliwa, inasomwa kwa sauti, inageuzwa mashahidi waione, na mstari mmoja unachorwa ubaoni. Mashahidi wengine walisinzia. Mimi sikusinzia, kwa sababu niliona kwamba karatasi zenye utata huwa zinaenda kwa mtu ambaye shahidi wake yuko macho.

Papa Directeur alituita kusoma sheria za uchaguzi siku chache kabla. Zilikuwa fupi. Mimi alama yangu ilikuwa samaki, présidente alichagua mwavuli, na mpiga kura ataweka kidole cha wino juu ya anayemtaka. Alipofika mwisho, mama mmoja muuza kapenta, wale dagaa wa ziwani, akauliza swali ambalo wote tulilicheka.

"Na tukilingana je? Huku samaki, huku mwavuli, sawa sawa?"

"Tutapika bote bugali tukule," mwingine akajibu.

"Batupe franka yulu," akasema wa tatu. "Ikianguka ya kichwa, ni huyu."

"Présidente ya bantu kwa kutupa franka? Ni mupira? Turudilie kupiga."

Papa Directeur akagonga meza kwa ufunguo. Alisema wako wanaorudia kura, wako wanaopiga kura ya bahati, lakini nchi hii ina desturi yake, na ameiandika kwenye chaguzi nyingi alizosimamia: kura zikilingana, mwenye umri mkubwa anatangazwa mshindi. Kwa hiyo itakuwa hivyo hivyo hapa. "Bon, munakubali?" Tukainua mikono.

Présidente hakuwepo kwenye mikono hiyo. Alikuwa nje, simu sikioni, akimwelekeza dereva wa mumewe aliyepotea njia akitokea Luano. Alirudi sheria zimeshakunjwa, akauliza kama kuna kitu kikubwa. Akaambiwa hapana, ni mambo ya kidole na wino. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, mikono mapajani. Sikufungua kinywa.

Siku zilizobaki nilitembea meza hadi meza. Sikuahidi mtu kitu. Nilimwambia kila mama kwamba leo ni meza yangu, kesho ni yake, na hakuna nyumba ambayo kilio hakiingii. Wengine walinisikiliza huku wakiangalia kama présidente anatuona. Wengine walinikimbia. Sikujua nina watu wangapi, na nilikonda kwa kutojua.

Uchaguzi ukafanyika asubuhi ya siku ya usafi, soko likiwa limefungwa. Lori la mumewe lilikuwa limeegeshwa pale mbele, na mumewe mwenyewe ameegemea mlango wake, amevaa shati jeupe, amekuja kumwona mkewe akishinda. Papa Directeur aliigeuza ndoo juu chini kutuonyesha haina kitu. Tukapiga. Kisha akazihesabu karatasi, zikawa sawa na waliopiga, akaanza kuzifungua.

"Mwavuli." Mstari. "Samaki." Mstari. "Mwavuli. Mwavuli."

Aliyeshika chaki alikuwa yule mama wa kapenta, na chaki ilikuwa inalia ubaoni mpaka meno yanauma. Tulikwenda hivyo, yeye akinitangulia, mimi nikimfikia, yeye akinitangulia tena. Kuna wakati mwavuli ulikuja mfululizo. Rundo likapungua. Zilipobaki karatasi mbili mezani, yeye alikuwa na thelathini na moja, mimi ishirini na tisa. Watu wake wakaanza kufungua vitenge kiunoni ili wavipeperushe.

Karatasi ya kwanza kati ya zile mbili ilikuwa na utata. Kidole kilikuwa kimeanguka katikati, sehemu kubwa juu ya mkia wa samaki, ukingo kidogo ukigusa mpini wa mwavuli. Papa Directeur akaigeuza huku na huku.

"Hii nataka kuitia nulle, isihesabiwe," alisema. "Haina mwenyewe."

Nikasimama. Nikamwambia kule nilikokuwa témoin karatasi ya namna hii tuliitazama kwa nia ya mpiga kura, wino mwingi uko wapi. Watu wake wakapiga kelele. Watu wangu wakapiga kelele zaidi. Na hapo présidente akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka ninatabasamu peke yangu jikoni. Alitupa jicho kwa mumewe pale kwenye lori, akainua mkono kama mama askofu, akanyamazisha watu.

"Mupatie yaya yangu ile moya," alisema. "Musimutoe machozi. Miye siko na choyo. Hata tukilingana, mwenye kiti anabakia tu na kiti."

Wakampigia makofi kwa ukarimu wake. Mumewe naye akatikisa kichwa akitabasamu. Kati yetu wawili ni mimi tu niliyejua alichokitoa. Papa Directeur akamwuliza mara mbili kama ana uhakika. Akasema ana uhakika. Mstari ukachorwa kwangu, thelathini.

Karatasi ya mwisho ikafunguliwa.

"Samaki."

Mama wa kapenta akachora ule mstari polepole, akarudi nyuma, akahesabu tena mafungu kwa kidole, huku na huku. Thelathini na moja, thelathini na moja.

"Egalité," alisema Papa Directeur, akavua miwani. "Donc tunaenda kwa article ya mwisho. Kura zikilingana, mwenye umri mukubwa njo anapita."

Hawakungoja amalize. Vigelegele vililipuka upande wangu, na upande wake pia wengine walijisahau wakapiga, kwa sababu hakukuwa na cha kufikiria. Nani mkubwa? Safu nzima ilijua. Walikuwa wamelisikia jibu kila asubuhi kwa miaka, kutoka kinywani mwake mwenyewe. "Yaya! Yaya! Yaya njo amepita!"

"Attendez!" alipiga kelele. "Mungojee kwanza!"

Wakangoja. Uso wake ulikuwa unafanya kazi kubwa chini ya poda. Niliona ameelewa yote kwa pamoja: sheria, karatasi aliyonipa, na jina alilonivalisha.

"Unataka kusema nini, mama?" Papa Directeur akauliza. "Iko na kitu ya kupinga juu ya miaka? Kama iko, sema. Tunaweza kuangalia makarte."

Kadi yake ya mpiga kura ilikuwa kwenye mkoba, na haikuwa na msaada wowote. Siku ya kuandikishwa, mumewe akiwa pembeni yake kwenye foleni, yeye alitaja mwaka anaoutaka, wakauandika. Ili awe mkubwa ilibidi aseme kwa kinywa chake, mbele ya soko zima, kwamba mimi ni mtoto aliyembeba. Na kwamba yule mwanamume kwenye lori alioa mwanamke mkubwa kuliko alivyodhani.

Mumewe alikuwa ameshaacha lori, amesogea mpaka mbele. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anataka kuelewa.

"Ni nini kwani?" alimwuliza kwa Kiswahili chao cha Kivu. "Huyu si ni dada yako mukubwa? Wewe mwenyewe uliniambia, siku ya kwanza kabisa."

Présidente aligeuka kunitazama. Sijui alitafuta nini kwangu. Labda alidhani nitamwonea huruma nimtoe, niseme tupige kura tena. Nilimfikiria binti yangu na lile kartoni la nzi. Nilifikiria misumari ya mume wangu. Nikamwambia kwa sauti ya upole sana, ya mkubwa anayemtuliza mdogo wake:

"Sema, mudogo wangu. Usiogope. Sema tu ile iko ya kweli."

Midomo yake ilifunguka. Nilimwona anapima, kiti huku, mume huku. Kisha akashusha macho.

"Yeye njo yaya," alisema.

Nilifurahi. Sitaongopa niseme nilisikitika kidogo, au kwamba ushindi ulikuwa mchungu. Ulikuwa mtamu mpaka kwenye mifupa. Nilicheza kwa vitenge vya watu wake.

Meza niliirudia siku ya pili. Kitambaa chake nilikikunja vizuri, nikampelekea mwenyewe mkononi kule kando ya mfereji, mahali nilipompangia. Hakuna aliyelalamika. Niliahidi tu kwamba mtu akiwa kilioni meza yake haiguswi, na hilo nimelitimiza. Binti yangu amerudi shule. Haya mema yote nayasema kwa kuwa yapo, lakini si hayo yaliyoniamsha mapema siku lori la kwanza lilipofika.

Lilifika mvua ikinyesha. Walishusha magunia, nikachagua wa kwanza, nikajaza mabeseni mawili. Kisha nikaita kuelekea mwisho wa safu, kwa sauti ya kusikika na wote, na mumewe akiwa pale pale anahesabu mzigo wake.

"Mudogo wangu! Kuya ubebee yaya yako."

Mdogo wa mtu hakatai beseni la yaya wake mbele ya watu. Ingekuwa aibu kwa mumewe. Alikuja kwenye matope, wigi limelowa. Akachuchumaa, nikamsaidia kulipandisha kichwani, na alipoinuka nikasikia magoti yake yakilia. Ni magoti ya mwanamke mzee, mzee kuliko mimi kwa miaka ambayo mimi na yeye tu tunaijua. Alitembea taratibu hadi kwenye meza, akalitua, akabaki ameinama hapo ameshika ukingo, anatafuta pumzi. Hakuinua kichwa. Alisema chini chini, ili mimi tu nisikie:

"Nilikubeba ku mugongo."

"Minajua," nilimwambia. "Kunabakia beseni ingine."

Akaenda kulichukua.